Tukiacha kuzeeka, nani atawapisha watoto?

Mhariri,

Mjadala wa kama ni vyema binadamu aishi milele huchanganya mambo matatu. La kwanza ni kutozeeka: mwili unabaki na nguvu za mtu wa miaka 30, ila mwenye mwili akigongwa na gari anakufa. La pili ni kutokufa kabisa, hata mtu akitaka kufa. La tatu ni kuongezewa miaka huku uzee ukiendelea na kazi yake. Anayesema "natamani" na anayesema "Mungu aniepushe" mara nyingi hawabishani, kila mmoja anajibu swali lake. Mimi la kwanza nalitaka kwa moyo wote. Lakini lina gharama, na gharama hiyo haiko pale wengi wanapoitafuta.

Nianze na hilo la tatu, maana ndilo tunaloishi nalo. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa hesabu za bima, alionyesha kwamba hatari ya kufa haipandi ovyo. Inajizidisha kwa mpangilio, na takwimu za leo zinaonyesha kwamba kwa mtu mzima huwa maradufu takriban kila baada ya miaka 8. Chukua watu wa miaka 30 ambao katika kila 1,000 hufa mmoja kwa mwaka. Wakifika 38 watakufa 2, wakifika 46 ni 4, halafu 8, 16, 32, 64, na wakiwa na miaka 86 ni 128. Wakifika 102, katika kila 1,000 waliosalia, 512 hawataumaliza mwaka. Ndiyo maana Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyezaliwa 1875 na kufariki 1997 akiwa na miaka 122, bado anashikilia rekodi ya umri uliothibitishwa kwa nyaraka, ingawa idadi ya waliovuka 100 imeongezeka sana duniani.

Mpangilio huohuo unaeleza jambo ambalo huwashangaza wengi. Saratani zote zikipata tiba leo, wastani wa umri wa kuishi katika nchi tajiri utapanda kwa miaka 3 hivi. Aliyeponea saratani akiwa na miaka 80 bado ana moyo wa miaka 80, figo za miaka 80 na ubongo wa miaka 80, na kimojawapo kitamwangusha muda si mrefu. Tena miaka anayoipata inaongezwa mwishoni, kwenye maumivu na usahaulifu, si katikati. Anayekataa maisha marefu ya namna hiyo ana haki yake.

Sasa kuzeeka kwenyewe. Watu hudhani mwili wote huchakaa kwa mwendo mmoja, kumbe kila sehemu ina kalenda yake. Utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120. Lakini protini zilizo katikati ya lenzi ya jicho ziliundwa kabla hujazaliwa, na hazibadilishwi kamwe. Lenzi hukakamaa polepole mpaka mtu wa miaka arubaini na kitu anaanza kusogeza gazeti mbali ili asome. Enameli ya jino ikilika haioti tena. Elastini, ile protini inayofanya mapafu na mishipa ivutike na kurudi, hutengenezwa zaidi utotoni na baada ya hapo tunaitumia akiba. Nyuzi zake zikikatika, mshipa mkuu unaotoka moyoni unakuwa mgumu, na ile namba ya juu ya presha inapanda hata kwa mtu asiyekula chumvi nyingi. Seli za misuli ya moyo hubadilishwa kwa kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka mtu akiwa na miaka 25, na chini ya nusu ya kiasi hicho akifika 75. Seli za neva za gamba la ubongo ni zilezile ulizozaliwa nazo, karibu zote.

Mtu atasema: basi tuufanye mwili uzalishe seli mpya zaidi. Hapa ndipo ugumu ulipo. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 kisha zinakoma. Sababu kubwa ni telomea, ncha za kromosomu ambazo hufupika kila seli inapogawanyika. Kimeng'enya kinachozirefusha tena, telomerasi, kinajulikana vizuri, na waliofichua siri ya ncha hizo na kimeng'enya hicho, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Ila saratani 85 hadi 90 katika kila 100 hutumia telomerasi hiyohiyo ili zisikome kugawanyika. Henrietta Lacks alifariki mwaka 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi, na seli za uvimbe wake zingali zinagawanyika katika maabara za dunia nzima mpaka leo. Seli zilizokataa kuzeeka ndizo zilizomuua mwenye mwili. Kikomo tunachokilaumu kwa kutuzeesha kimetuwekea breki pia.

Halafu kuna makosa ya kunakili jeni seli zinapogawanyika. Seli ya shina, yaani ile inayozalisha seli mpya, katika utumbo mpana wa binadamu hukusanya mabadiliko ya jeni takriban 47 kwa mwaka. Ya panya mdogo wa maabara hukusanya karibu 800, na panya huyo huishi miaka 3 au 4 tu. Mwisho wa maisha yao binadamu na panya hukaribiana, kila mmoja akiwa na elfu tatu na kitu. Kwa mwendo wetu wa 47, mtu wa miaka 500 angekuwa na mabadiliko zaidi ya 23,000 katika kila seli ya aina hiyo. Hakuna lishe, mazoezi wala kidonge cha vitamini kitakachofuta hayo. Ingebidi seli za shina zenyewe zibadilishwe mara kwa mara kwa zilizo safi, kiungo baada ya kiungo, na katika ubongo kazi hiyo ifanyike bila kufuta kumbukumbu zilizohifadhiwa kwenye miunganiko ya seli zinazotolewa.

Njia yenye matumaini zaidi ilifunguliwa na Shinya Yamanaka mwaka 2006, alipogeuza seli za ngozi ya panya zikawa kama za kiinitete kwa kuziongezea jeni 4 tu. Ukiziwasha jeni hizo mfululizo katika panya aliye hai, seli zinasahau kazi yake, za ini zinaacha kuwa za ini, na uvimbe unaota. Mwaka 2016 watafiti waliziwasha kwa vipindi vifupi, wakazima, wakawasha tena, na panya wenye ugonjwa wa kuzeeka haraka wakaishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo suala ni kipimo na muda. Anayewauzia watu leo sindano au vidonge vya "kurudisha ujana" aulizwe: vinagusa kipi kati ya hivi nilivyovitaja, kwa kipimo gani, na nani amewafuatilia waliotumia kwa miaka mingapi?

Hata hivyo sioni sheria ya maumbile inayosema lazima tuzeeke. Fuko asiye na manyoya, wa huku Afrika Mashariki, ana umbo la panya mdogo lakini huishi zaidi ya miaka 30, na kumbukumbu za maabara zilizochapishwa mwaka 2018 hazikuonyesha hatari yake ya kufa ikipanda kwa umri. Hidra, mnyama mdogo wa majini, haonyeshi kuzeeka kabisa. Konyeza aitwaye Turritopsis dohrnii akijeruhiwa au akikosa chakula anaweza kurudi hatua ya uchanga na kuanza upya. Maumbile yaliacha kutukarabati kwa sababu zamani wengi wetu tulikufa kwa njaa, maradhi na wanyama kabla uzee haujafika. Mwili uliotumia nguvu zake kuzaa mapema uliacha wazao wengi kuliko uliotumia nguvu kujikarabati.

Tuseme basi ukarabati huo umepatikana na kila mtu amebaki na hatari ya umri wa miaka 30, yaani mmoja katika 1,000 kwa mwaka. Je, huo ni umilele? Piga hesabu. Nusu ya watu watakuwa wamekufa ndani ya miaka 693. Watakaofika miaka 1,000 ni kama 37 katika kila 100, na watakaofika 5,000 hawafiki 7 katika kila 1,000. Ajali haina kinga, na hakuna marefu yasiyo na ncha. Kutozeeka hakumwondolei mtu kifo, kunamwondolea tu kifo kinachokuja na ratiba. Hili nalitaka kwa kila mtu, kwa sababu sijawahi kuona faida ya mama kumsahau mwanawe au ya mtu kushindwa kuinuka kitandani. Waumini wanaohofia kwamba sayansi inapingana na neno kwamba kila nafsi itaonja mauti wanaweza kutulia. Itaonja tu.

Kutokufa kabisa ni jambo jingine, na hilo nalikataa bila kusita. Mtu asiyeweza kufa akifukiwa na kifusi, anabaki humo akiwa hai na anajua. Na hata akiepuka vifusi vyote, jua linaongezeka mwanga. Baada ya takriban miaka bilioni 1 dunia itakuwa na joto la kukausha bahari. Ama kutozeeka, hoja ya kuchoka na maisha, ambayo wengi huitanguliza kukupinga, mimi huiona nyepesi. Binadamu husahau, na mtu wa miaka 800 hangekuwa na kumbukumbu za miaka 800 kichwani. Angekuwa nazo za miongo michache ya karibuni na vipande vya zamani. Anayechoka kweli, kifo kingekuwepo bado.

Gharama halisi iko kwa watoto. Duniani tuko zaidi ya bilioni 8, na kila mwaka wanazaliwa takriban milioni 130 na kufa takriban milioni 60. Wasiozeeka bilioni 8, kwa hatari ile ya mmoja katika 1,000, wangekufa milioni 8 kwa mwaka. Ili idadi isipande, wanaozaliwa nao wawe milioni 8, yaani mtoto mmoja mahali ambapo leo wanazaliwa 16. Wapo wanaosema dunia ingefurika, lakini si lazima. Kila wawili wakizaa mmoja tu, kizazi cha bilioni 8 kinaleta bilioni 4, hicho kinaleta 2, kisha 1, na jumla haivuki 16 hata kama hakuna anayekufa. Kufurika kunazuilika. Kisichozuilika ni kupungua kwa utoto. Leo karibu robo ya watu duniani wana umri chini ya miaka 15. Katika dunia hiyo iliyotulia wangekuwa 15 katika kila 1,000. Ili upate darasa moja la watoto 30 wa rika zote hadi miaka 15, unahitaji watu 2,000.

Hao wachache wangeingia katika dunia ambayo kila kiti kina mtu. Wahenga walisema kufa kufaana, na katika mambo ya mali na madaraka hilo ni kweli kabisa. Akiba inayokua kwa asilimia 2 kwa mwaka, kasi isiyomshangaza mtu yeyote, huwa mara 380 baada ya miaka 300 na karibu mara 20,000 baada ya miaka 500. Kinachozuia hilo leo ni kwamba mwenye mali anafariki na mirathi inagawanywa. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani huteuliwa kwa maisha yao yote. Hakimiliki, kwa kiwango cha chini cha Mkataba wa kimataifa wa Berne, hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo mtunzi asiyezeeka angeshika haki hiyo kwa karne nyingi. Pensheni hukokotolewa kwa kukadiria mstaafu atafariki lini. Kifungo cha maisha kingekuwa adhabu ya miaka mingapi?

Sheria hizi zote ziliandikwa na watu waliojua kwamba kifo kitawasaidia kuzitekeleza. Nadhani zibadilishwe kabla dawa haijapatikana: madaraka yote yawe na kikomo cha miaka ya utumishi badala ya umri, kwa majaji, wakurugenzi, maprofesa na viongozi wa nchi bila ubaguzi, hakimiliki ihesabiwe tangu kazi ilipochapishwa, na mali kubwa igawanywe kila baada ya miaka kadhaa, 60 kwa mfano, kana kwamba mwenyewe amefariki, yeye akibakiziwa fungu la kuanzia upya. Tukingoja dawa ije kwanza, watakaopiga kura juu ya vikomo hivyo ni walewale wanaokalia viti, na wanaohitaji viti hivyo watakuwa 15 katika kila 1,000, tena wasio na umri wa kupiga kura.

Wasalaam.