Kaka, haikuwa sinema

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa. Wakisoma na wengine, wasome.

Najua ulichoka msibani kwa Baba. Turubai wewe, jeneza wewe, mbege wewe, na kaburi kule migombani ulilisimamia mwenyewe. Asante, sitasahau. Ila na ule usiku uliponifungia kompyuta mbele ya waombolezaji, "Sisi tunalia, huyu anaangalia sinema," nao sitausahau.

Ile uliyoiita sinema ilikuwa Jua, Kaka, la Julai 14, 1998. Picha za TRACE, chombo cha anga cha Marekani. Jua limelipuka, na matao ya gesi ya moto juu yake yanayumba, tao moja lina urefu wa kilomita 130,000 hivi. Linakwenda na kurudi kwa dakika nne na ushee, mara chache tu, kisha kimya. Mwanao ndiye aliyeuliza yanatusaidia nini. Nikamwambia akaichape kamba ya kuanikia nguo: iliyokazwa mtikisiko wake unakimbia, iliyolegea unajikokota. Nasi tunaochunguza Jua hivyo hivyo. Kipimo hatuwezi kukifikisha kwenye matao hayo, huko chini kwenye korona, yaani tabaka la nje la gesi ya Jua, kwa hiyo tunatazama wimbi linavyokwenda kwenye tao ndipo tunakadiria nguvu ya sumaku inayolikaza. Shangazi kusikia "korona" akajiziba pua kwa kanga, watu wakacheka. Ndipo ukaja.

Hukujua kwamba swali ninalolichunguza lilikuwa la Baba. Nilimwambia uso wa Jua ni nyuzi 5,500 hivi, korona iliyo juu yake inapita milioni moja. Akanikatalia: "Moshi uwe moto kuliko kaa?" Tangu hapo kila nikipiga, kabla hata ya salamu: mmeshajua? Nikamwambia mawimbi ni miongoni mwa washukiwa wanaopandisha joto huko juu, kesi haijaisha. Alicheka sana.

Sasa wewe ndiye mkubwa wa nyumba, nami mdogo wako nakushauri: mtoto akiuliza, hata msibani, ajibiwe. Mimi nilimjibu kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu. Kulia nilishalia njiani, kuanzia uwanja wa ndege wa KIA mpaka Moshi mjini, dereva ni shahidi. Na sikuchelewa kwa kupenda, tiketi iliyopatikana ndiyo ile. Dawa za Baba ulinunua wewe, sibishi. Lakini usiseme sikuwa naye.

Hela ya turubai nilishatuma Jumanne. Angalia vizuri simu yako.