Kabla hujanunua mche wa jakaranda, pima kiwanja chako

Kila mwaka ifikapo Oktoba, mijakaranda ya Arusha inapochanua, simu ya kitalu chetu hailali. Mtu amepita barabarani akaona lami imefunikwa na maua ya zambarau, akarudi nyumbani, akautazama uwanja wake mtupu, na sasa anautaka "ule mti". Tunamwelewa kabisa, maana na sisi tuliingia kwenye kazi ya miche kwa kupenda maua. Hata hivyo, swali letu la kwanza kwake huwa ni hili: kutoka ukuta wa nyumba mpaka ukuta wa uzio kuna hatua ngapi?

Wengi hawajui. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 25. Toa nyumba, toa pa kuegesha gari, toa shimo la choo na chemba zake, toa tangi la maji, toa kamba ya kuanikia nguo. Mara nyingi kinachobaki ni ukanda wa mita nne mbele na mita tatu ubavuni. Mjakaranda uliokomaa hufika mita 15 kwenda juu, na matawi yake hutanda mno. Mche wa kimo cha goti ulio kwenye kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea miche, hauwezi kukueleza habari hiyo. Lazima mwenye kitalu akueleze.

Nyumbani kwa wazazi wangu palikuwa na fikasi iliyopandwa mita moja na nusu tu kutoka ukutani, kwa sababu baba alitaka kivuli cha barazani. Kivuli alikipata. Kwa miaka kadhaa kila mgeni aliusifia mti ule, na mama alikuwa akichambulia mboga chini yake. Kisha choo kikaanza kurudisha maji. Fundi alipofunua chemba alikuta mizizi imesukana humo ndani kama mkeka. Alitueleza jambo ambalo mpaka leo nawaeleza wateja: mizizi haina nguvu ya kutoboa bomba zima, ila hufuata unyevu unaovuja kwenye maungio, huingia ikiwa nyembamba kama unywele, ikishakuwa ndani ndipo hunenepa na kupasua. Tulikata mti, tukabadilisha mabomba, na mama akabaki na baraza lenye jua kali. Sikutaka kuliona hilo tena kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo kitaluni kwetu tuna kipimo chetu. Mti mkubwa tunaupanda mita nane au zaidi kutoka ukutani, na mbali vilevile na shimo la choo na waya za umeme. Mti wa wastani, mita nne au tano. Kichaka cha maua, mita moja na nusu, ili fundi wa rangi na fundi wa dirisha wapate pa kupita. Kama nafasi hiyo haipo, hatukuuzii mti mkubwa hata ukisisitiza.

Sasa, mwenye nafasi ndogo apande nini? Msanapichi ndio tunaoupendekeza zaidi. Hauwi mkubwa sana, mizizi yake haina fujo, na harufu ya maua yake jioni inafika sebuleni. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, kwa hiyo kwenye kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti hupukutisha majani na kubaki vijiti vitupu. Wateja wapya hutupigia simu wakidhani umekufa. Haujafa, unapumzika. Unachouchukia kweli ni kusimama kwenye maji, na utomvu wake mweupe huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glovu ukiupogoa.

Botobrashi nao unafaa sana ukanda mwembamba. Maua yake mekundu yamekaa kama brashi ya kusugulia chupa, na ndege aina ya chozi hawabanduki hapo asubuhi. Kisha kuna kichaka tunachokiita jana-leo-kesho, kwa sababu ua hufunguka likiwa zambarau, hupauka, na baada ya siku chache huwa jeupe, hivyo shina moja hubeba rangi tatu kwa wakati mmoja. Ni kizuri mno karibu na mlango. Ila kama unafuga mbwa tutakuambia ukiache, maana sumu yake huwadhuru mbwa vibaya wakitafuna mbegu.

Bogonvilia kila mtu anaijua, na kila mtu anainywesha maji kupita kiasi. Ukiiona imejaa majani ya kijani na haina maua, mara nyingi ama imekosa jua la kutosha ama inanyweshwa kila siku. Iweke mahali penye jua kutwa nzima, na ikishashika ardhi, iache ione kiu kidogo.

Wenye eneo kubwa wana uhuru zaidi, na hapo nawaomba waitazame miti ya kwetu kabla ya ile ya kuletwa. Mringaringa huchanua maua meupe yanayoita nyuki kutoka mbali, na miaka mingi baadaye mbao zake ni za thamani. Mzeituni pori hukua taratibu sana, lakini hustahimili ukame na huwalisha ndege. Kibobakasi, wenye maua ya rangi ya moto, ni wetu pia, wa Afrika. Watoto waliokua karibu nao wanajua kuwa matumba yake yana maji ndani, na ukiliminya tumba linarusha kama bomba la sindano. Lakini mti huo una matawi mepesi kuvunjika upepo ukivuma, basi usiupande juu ya gari wala juu ya mabati. Mjakaranda wenyewe, ambao kwao ni Amerika ya Kusini, upande ule wa Ajentina na Bolivia, tunauza bila kinyongo kwa mwenye nafasi. Aelewe tu mambo mawili: unaooteshwa kwa mbegu hautoi maua mwaka wa tatu wala wa nne, na majani yake madogo huziba mifereji ya mabati. Kama unavuna maji ya mvua, majani hayo yanaishia kwenye tangi lako.

Kuna ombi moja linalotuumiza kulikataa. Watu waliohamia huku kutoka Dar es Salaam au Tanga huja wakitaka bustani ya nyumbani kwao: mnazi, mlangilangi, mkrismasi ule unaowaka mwekundu Desemba. Ni hamu ya nyumbani, na si jambo dogo. Lakini Arusha iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, na asubuhi za Julai watu wanavaa makoti. Mlangilangi hapa hudumaa. Mkrismasi huota, ila kadiri unavyopanda kuelekea Meru ndivyo unavyozidi kukawia na kutoa maua haba. Anayetaka harufu ya Pwani tunampa asumini. Hiyo inavumilia, hasa ikipandwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, kwa sababu ukuta huhifadhi joto mpaka usiku.

Jambo la maji halizungumzwi vya kutosha. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, hayohayo yanayotia meno rangi ya kahawia. Mimea mingine nayo huathirika, na masale ni mmojawapo. Ukiyapanda kwenye chungu na kuyamwagilia maji ya kisima, ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, na mwenye nyumba hudhani maji hayatoshi, akaongeza yaleyale. Yamwagilie maji ya mvua. Masale yanastahili uangalizi huo. Kwa Wachaga ndiyo yanayoonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na jani lake hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Tuna wateja wanaoyapanda getini kwa sababu hiyo tu.

Ipo pia mimea ambayo hatuiuzi kwa wenye watoto wadogo au mbuzi. Wa kwanza ni oleanda. Ni kichaka kizuri, chenye maua ya waridi au meupe, kinastahimili kiangazi, na kimejaa kwenye bustani za mahoteli. Kila sehemu yake ina sumu inayogusa moyo: jani, ua, hata kuni zake. Oleanda ya manjano ni vivyo hivyo, na mbegu zake ndizo hatari zaidi. Ukiikuta tayari kwenye nyumba uliyopanga, usiwape mifugo matawi yaliyopogolewa.

Mingine hatuiuzi kwa mtu yeyote. Lantana inavutia, lakini ndege hubeba mbegu zake mpaka malishoni, na huko husonga majani ya mifugo na kuwapa sumu wanaoila. Senna spectabilis, ule mti wa maua mengi ya njano uliopandwa sana kwa kivuli na kuni, umevamia msitu wa Mahale hapa kwetu na wa Budongo kule Uganda. Mfano wa zamani zaidi ni Amani, Usambara. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902, wakaleta miti ya kila aina, na mmoja wao, mhesi, ukatoka kwenye mashamba ya majaribio ukaingia msituni. Mpaka leo umo humo. Kila mche tunaoutoa kitaluni unakwenda kuishi nje ya macho yetu, kwa hiyo tunachuja mapema.

Sasa tuje kwenye kiriba chenyewe, maana hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotea. Mteja akiingia kitaluni, jicho linakwenda kwenye mche mrefu kuliko yote. Mche wa mita mbili ndani ya kiriba kidogo umekaa humo muda mrefu mno. Mizizi yake imegonga nailoni, ikageuka, ikaanza kuzunguka kama kamba iliyoviringishwa. Ukiupanda hivyo, mizizi inaendelea kuzunguka hata ardhini, na miaka kadhaa baadaye mti unajinyonga wenyewe au upepo unaung'oa mzimamzima. Chukua mche mfupi, mnene wa shina, wenye majani ya kijani yasiyopauka. Geuza kiriba uangalie chini: mizizi michache myeupe inayochungulia haina tatizo, mzizi mnene kama kidole uliokwisha kuingia ardhini ni dalili mbaya. Usione haya kumwomba muuzaji achane kiriba kimoja mbele yako. Sisi tunachana.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa masika, mwezi Machi au Aprili, mvua ikishalowesha ardhi mpaka chini. Mvua ya kwanza hudanganya, inalowesha juu tu. Vuli ya Novemba na Desemba inafaa kwa mwenye maji ya kumwagilia mpaka Machi. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Kabla ya kufanya lolote lijaze maji uliache usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa bado yamesimama, pale si pa msanapichi wala pa mzeituni, na ni afadhali tuhamie sehemu nyingine ya uwanja au tuinue tuta. Maji yakiwa yamekwenda, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chana kiriba, nyoosha mizizi iliyojikunja, panda kwa kina kilekile mche uliokuwa nacho, usifukie shina. Kiangazi cha kwanza uupe ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, badala ya kikombe kila jioni, ili mizizi ifuate maji kwenda chini.

Ukija kwetu, njoo na picha tatu za uwanja kwenye simu: moja ya saa mbili asubuhi, moja ya saa sita, moja ya saa kumi, tuone jua linapita wapi. Andika umbali kutoka ukuta hadi uzio, na weka alama ya zilipo chemba na bomba la maji. Kama huwezi kupima, tutakuja tupime wenyewe kabla ya kukuuzia chochote, na tutasimika vijiti pale miti itakapokaa. Viache vijiti hivyo wiki moja. Pita na gari, anika nguo, waache watoto wacheze. Kijiti kitakachokuwa kimegongwa au kung'olewa, tutakihamisha kabla hatujachimba.