Kamera iliyotulia haitoshi

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu Cristian Mungiu, muongozaji wa filamu wa Romania, yamesema mtindo wake unawafaa vijana wa Lubumbashi kwa sababu ni rahisi: kamera inasimamishwa, watu wanaongea. Unawafaa, ndiyo, lakini si rahisi hata kidogo. Shoti moja ndefu, yaani picha inayopigwa bila kukatwa, inadai kazi nyingi kuliko shoti 10 fupi, na karibu yote hufanyika kabla kamera haijawashwa.

Mungiu, mzaliwa wa Iași mwaka 1968, alikuwa mwalimu na mwandishi wa magazeti kabla ya kusomea sinema Bucharest. Filamu yake ndefu ya kwanza, Occident, ilitoka 2002. Mwaka 2007 filamu yake ya Miezi 4, Wiki 3 na Siku 2 ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. 2016 alipewa hukohuko tuzo ya uongozaji, akagawana na Olivier Assayas.

Tazameni sena (tukio) ya mezani katika filamu ile ya 2007. Ni mwaka 1987, kutoa mimba ni kosa la jinai. Otilia, mhusika mkuu, amemwacha rafiki yake peke yake hotelini baada ya kufanyiwa utoaji mimba wa siri, na sasa amebanwa kati ya wageni kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mama ya mpenzi wake. Kamera haisogei. Mikono inapita karibu na uso wake ikifuata sahani, wakubwa wanaongea mambo yao, simu inalia nje ya picha. Hakuna muziki wa kututisha. Tunaogopa kwa sababu tunajua jambo ambalo walio mezani hawalijui. Ondoa siri hiyo, wanabaki watu wanaokula tu, na hapo ndipo filamu fupi nyingi zinapokwama: shoti ni ndefu, lakini mtazamaji hana anachokingojea.

Anayetaka kujaribu sena kama hiyo nyumbani, hapa mtaani Katuba, kwa kamera ya simu, aandike kwanza nani ana siri na nani haijui. Kisha mazoezi, hadi kila mtu ajue ni kwenye neno gani ananyanyua kikombe. Kosa la dakika ya saba linawarudisha wote mwanzo, kwa hiyo pikeni bukari (ugali) ya kutosha kurudia hata mara 10, na kila mara sahani zijazwe kama mwanzo. Fokasi (ukali wa picha) na mwangaza vifungwe kwenye simu. Msipovifunga, kila mkono unaopita mbele utaifanya simu ijirekebishe na uso utabadilika rangi katikati ya maneno. Muiweke kwenye hali ya ndege. Dakika 10 za 4K, yaani video ya ubora wa juu, zinakula gigabaiti 2 hadi 4, basi futeni vitu mapema.

Sauti ndiyo inayoharibu zaidi. Simu iliyo mita 2 mbali inachukua jenereta ya jirani kuliko mwigizaji. Ficheni simu ya pili ya kurekodi sauti nyuma ya kikapu cha mkate, nusu mita kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa maana meza tupu inapeleka kila kishindo cha kijiko ndani ya mikro (kipaza sauti). Pigeni kofi moja mwanzoni ili sauti na picha vioane kwenye montaji, yaani uhariri wa filamu.

Kuna jambo makala yenu hayakuligusa, nami naliona kubwa kuliko yote. Katika R.M.N., filamu ya Mungiu ya 2022, mkutano wa kijiji kimoja cha Transylvania, eneo la Romania, umepigwa kwa shoti moja ya kama dakika 17. Watu wanarukia Kiromania, Kihungaria, hata Kifaransa, na maandishi ya chini yanabadilika rangi kufuata lugha, hivyo hata mgeni anaona nani amegeuza ulimi na wakati gani. Kwetu mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaimaliza kwa Kifaransa, anakaripia kwa Kibemba. Halafu mwandishi wa filamu anawavika wote Kifaransa cha shule, eti kwa ajili ya tamasha la filamu! Waacheni waongee wanavyoongea. Katika maandishi ya chini, Kiswahili kiwe cheupe, Kifaransa cha njano, Kibemba cha kijani. Programu nyingi za montaji zinaweza.

Mpenzi wa sinema,
Kamalondo, Lubumbashi