Wagombea watueleze msimamo wao kuhusu Kongo

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu habari zenu za kampeni za urais. Nimesoma ahadi za barabara, maji na mbolea, lakini suala la kuwapeleka askari wetu kulinda nchi rafiki wagombea wanalipitia juu juu tu: “tutadumisha ujirani mwema.” Kwa gharama gani?

Mwezi Desemba 2017, wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini. Baadaye jeshi letu la Tanzania, JWTZ, lilishiriki kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, hukohuko Kongo, ambacho jumuiya iliamua kukiondoa Machi 2025. Hapa mtaani kwetu Dodoma yupo mama ambaye redio ikitaja Goma, mji wa Kivu Kaskazini, huacha kupepeta ulezi, akatega sikio. Sipingi kuwasaidia majirani. Tulifanya hivyo tangu enzi za ukombozi. Ninachotaka ni kujua mgombea atatumia kigezo gani, na lini atasema basi, warudi.

Napendekeza waandaaji wa midahalo waliulize hilo waziwazi, na Bunge, ambalo liko hapa hapa, lipewe taarifa kabla askari hawajaondoka.

Msomaji wenu,
Dodoma