"Amezaliwa kizimbani": Mamake yuko wapi?

Mhariri,

Mtoto wa kaka yangu, kijana wa kidato cha pili, alinunua kinyonga wa pembe tatu kwa simu, shilingi elfu tatu, akaletewa na bodaboda ndani ya katoni ya viatu. "Shangazi, usiogope," akaniambia, "huyu hakutolewa msituni. Amezaliwa kizimbani." Ndivyo muuzaji alivyomhakikishia.

Nilimtazama mnyama mwenyewe. Pembe moja imekatika ncha, mbavuni ana kovu la zamani, macho yamezama kama ya mtoto aliyeharisha siku tatu. Bakuli la maji lilikuwa mbele yake na hakuligusa. Kinyonga hulamba matone kwenye majani. Maji yaliyotulia kwake si kitu. Siku ya tisa tulimkuta chini, mkavu.

Sina ugomvi na wafugaji wa mijusi. Wale wenye ndevu wa Australia wanaopendwa Ulaya na Marekani ni wazao wa vizazi vingi vya kufugwa, maana Australia hairuhusu wanyama wake wa asili kuuzwa nje hivihivi. Mjusi wa namna hiyo amezoea mkono wa mtu, anakula anachopewa, na kwa kawaida hana minyoo mingi kama aliyetoka porini jana. Tofauti ni kubwa. Kinachonikera ni neno "kizimbani" kugeuzwa sabuni ya kuoshea mali ya wizi.

Huyu wetu wa pembe tatu hatagi mayai. Huzaa, na huweza kuzaa watoto ishirini kwa mkupuo. Basi mtu akimnasa jike mwenye mimba kichakani huko Limuru, akamtia kwenye ndoo wiki mbili, watoto watazaliwa ndooni. Wamezaliwa kizimbani? Kwa ulimi wa mfanyabiashara, ndiyo. Hati za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hazidanganyiki upesi hivyo, maana huonyesha kwa herufi mnyama alikotoka: W ni wa mwituni, F amezaliwa kizuizini lakini hajatimiza masharti ya kuitwa wa kufugwa, C ndiye wa kufugwa kweli. Muuzaji wetu hakuwa na herufi yoyote, wala karatasi ya kuiandikia.

Vinyonga hawa walipelekwa Hawaii mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama wa nyumbani. Walifika wamekonda, wakaachiliwa bustanini wapate nafuu, na hadi leo wako huko wanazaana. Sisi kwetu bado tunawakimbia tukisema ni mkosi.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali kabla ya kumweka mnyama wa pori nyumbani. Mwaka 2025 mahakama hapa Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na sisimizi bila kibali. Sisimizi! Mzazi anayedhani kinyonga ni mchezo wa mtoto na afikirie hilo.

Nawe Mhariri, mkiandika tena kuhusu wanyama wa kufuga, mwambieni msomaji amuulize muuzaji: mamake yuko wapi, na kibali kiko wapi?

Kijana wetu hakuuliza hayo. Alipiga simu kulalamika tu kwamba mnyama amekufa. Akajibiwa kwa upole kabisa: "Pole, boss. Ngoja mvua inyeshe, nitakuwa na wengine."

Mkazi wa Dagoretti,
Nairobi