Barua kwa mwanangu anayekwenda nchi ya dubu

Wete, Pemba

Mwanangu Nassor,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sote wazima, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu, na mzigo wako ameshaufunga: halua, ng'onda, viungo na udi. Nimepata habari kwamba Oktoba utakwenda na wenzako wa chuo kwenye milima ya Montana, Marekani, mlale kambini na muwinde elki, yule kulungu mkubwa wa huko. Sikukatazi. Lakini umekulia kwenye mikarafuu, ambako mtu huchunga nyoka tu anapokanyaga. Huko kuna dubu, na pori lile nalijua, kwa hiyo isome barua hii mpaka mwisho.

Anza na huo mzigo wa mamako. Dubu ananusa kuliko mbwa, na njia yake yote huongozwa na pua. Ng'onda, halua na udi vibaki chumbani kwako mjini. Nguo za safari zifuliwe, zisifukizwe. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nywele na marashi navyo vihesabu kuwa chakula, kwa sababu dubu akivinusa atataka kuvionja. Na Oktoba ndio wakati mbaya zaidi: dubu anajitia mafuta kabla ya usingizi wa baridi, na huweza kula kalori 20,000 kwa siku moja.

Kambi igaweni. Hema mahali pake, jiko na chakula mbali nalo si chini ya mita 90, tena upande ambao upepo ukitoka hemani unaelekea huko, ili harufu ya sufuria isipite mnapolala. Chakula kitundikwe mita 3 juu ya ardhi na mita 1.2 kutoka kwenye shina la mti, maana dubu hupanda shina akanyoosha mkono. Pasipo na miti ya kufaa, chukueni lile pipa gumu lililotengenezwa kwa ajili ya dubu. Nguo ulizopikia usilalie. Ziache huko huko kwenye chakula. Makombo msiyafukie, atayafukua. Wala msiyachome, hayaungui yote. Yatieni mfukoni mrudi nayo. Dubu akishakula cha binadamu mara moja hurudi, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa na maofisa wa wanyama.

Sasa dawa ya pilipili, ile ya kumpulizia dubu anayekujia. Nunua kopo la dubu lenyewe, si lile dogo la kujikinga na watu. Uzito usipungue gramu 225. Ndege hairuhusu kulipakia, kwa hiyo linunue ukishafika. Livae kiunoni au kifuani. Likiwa ndani ya mkoba halina faida, kwa sababu dubu anakimbia hadi kilomita 56 kwa saa na hutapata muda wa kufungua zipu. Jizoeze kulichomoa na kuondoa kizuizi kwa mkono mmoja. Akikujia mbio, anza kupuliza akiwa kati ya mita 10 na 18, ukielekeza chini kidogo ili aingie ndani ya wingu la pilipili kwa pua na macho. Upepo ukikuelekea, nawe itakupata, lakini puliza tu. Usilipulize hemani wala kwenye nguo ukidhani ni kinga: pilipili ikishakauka harufu yake humvuta dubu. Usiliache garini juani, laweza kuripuka.

Kuwinda ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Mwenye kutembea tu huimba na kupiga kelele ili dubu amsikie mapema aondoke. Nyinyi mtatembea kimya, alfajiri na magharibi, upepo ukiwapiga usoni, na pengine mmoja anaigiza mlio wa elki. Hayo yote humficha mtu kwa elki, na kwa dubu pia. Mkiacha kunyatia, zungumzeni kwa sauti, hasa karibu na mito yenye makelele na vichaka vya matunda. Msitawanyike. Mbwa wa wasasi wetu msimfikirie. Mbwa asiyefungwa humchokoza dubu kisha akakimbilia kwa bwana wake, na dubu nyuma yake. Maji ya udhu wa alfajiri yatekwe mchana, usiende mtoni gizani peke yako.

Ukifyatua, piga bismillahi. Ukimkuta elki angali na uhai mchinje, lakini kabla hujainama, mwenzio asimame na kopo mkononi akitazama pande zote. Toka hapo damu na matumbo vinatangaza. Pasueni haraka, nyama isogezwe mita 90 au zaidi kutoka kwenye matumbo, itundikwe mahali peupe panapoonekana kwa mbali. Elki ni mkubwa, hamtambeba kwa safari moja. Mkirudia nyama, simameni mbali muangalie kwa darubini, kisha ingieni kwa kelele, upepo ukiwa mgongoni ili harufu yenu iwatangulie. Mkiona nyama imefunikwa udongo na majani, dubu ameshaimiliki. Geukeni. Hiyo si yenu tena, hata mkiwa na bunduki nne.

Ukikutana naye, usikimbie, wala usitegemee mti kukuokoa. Sema naye kwa sauti ya chini, rudi nyuma polepole, kopo tayari. Akikurupuka kisha akasita karibu yako, alikuwa anatisha, simama. Mtazame vizuri ujue ni wa aina gani kati ya mbili za huko, grizli au dubu mweusi, na rangi isikudanganye, kwani dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia. Grizli ana nundu mabegani, uso uliobonyea na masikio mafupi. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka na masikio yamesimama. Grizli uliyemshtua akikugusa, lala kifudifudi, miguu uitanue, vidole uvifunge nyuma ya shingo, mkoba ubaki mgongoni, na usijitikise mpaka uwe na hakika ameondoka. Ukiinuka mapema atarudi. Dubu mweusi akikushambulia, pigana, mlenge pua na macho. Na dubu wa aina yoyote akiingia hemani usiku, au akikufuata kwa muda mrefu kimya kimya, huyo anakutafuta uwe chakula: usijifanye maiti, pigana kwa kila kilichopo.

Bunduki si mbadala wa kopo. Kumlenga mnyama anayekuja kwa kasi ile ni kazi ngumu, na dubu aliyejeruhiwa ni hatari kwenu na kwa atakayepita baada yenu. Tena grizli analindwa na sheria ya Marekani tangu 1975 katika majimbo 48, yaani yote isipokuwa Alaska na Hawaii, kwa hiyo akiuawa hata kwa kujihami, lazima maofisa waarifiwe.

Nijibu kabla hamjaondoka: mko wangapi, mtalala bonde gani, mtarudi siku gani, na kopo ulilonunua limeandikwa linakwisha muda lini. Jibu hilo la mwisho lisome kwenye kopo lenyewe.

Wasalaam,
Babako