Tuwaeleze ukweli vijana wanaojifunza kupiga picha za maua

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vijana wa Unguja na Pemba wanaojifunza kupiga picha, hasa wale walioanza na maua, ambao kwa maoni yangu tunawanyima kitu wanachokihitaji kuliko kamera mpya, nacho ni mtu wa kuitazama kazi yao kwa makini na kuwaeleza waziwazi kilichofaa na kilichoharibika.

Ua ni mahali pazuri pa kuanzia. Haliombwi ruhusa kama anavyopaswa kuombwa mtu, jambo ambalo kwetu sisi lina uzito mkubwa, na wala halichoki kusubiri mpaka anayejifunza apate anachokitaka. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa mchezo wa kitoto, lakini Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyekuwa akifundisha sanaa mjini Berlin, alipiga picha za mimea kwa zaidi ya miaka 30, na alizitumia kuwafundishia wanafunzi wake maumbo. Kwa hiyo msichana anayeinama uani kwao kupiga picha ya asumini yumo katika kazi ya maana, na anastahili kujibiwa kwa maana.

Tatizo ni kwamba hajibiwi. Akiionesha picha yake ataambiwa "Mashaallah, nzuri", au atatumiwa alama ya moyo kwenye simu, na mazungumzo yamekwisha hapo. Sisemi kwamba kumsifu mtoto ni vibaya. Nasema sifa hiyo haimwambii afanye nini kesho. Zamani, tulipokuwa tukitumia filamu, mrejesho ulikuja wenyewe. Ulipeleka filamu yako ya picha 36 studio ikasafishwe, na fundi aliyeisafisha ndiye aliyekuwa mwalimu wako, kwa sababu alikwisha kuziona zote kabla yako, akakuonesha kwa kidole ipi imeungua kwa mwanga uliozidi na ipi imetikisika. Studio kama ile ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza hapo Mji Mkongwe mwaka 1930, ni sehemu ya historia yetu ya picha, na kila mji ulikuwa na mafundi wake. Simu imemwondoa fundi yule, na hatujaweka mtu mahali pake.

Nitoe mfano wa picha niliyooneshwa hivi karibuni, ya maua ya asumini yaliyopigwa saa saba mchana. Majani yalionekana vizuri mno, mpaka vumbi lililokuwa juu yake, lakini maua yenyewe yalikuwa kama vipande vya karatasi nyeupe, bila mkunjo wala kivuli, na mtu asingeweza kujua petali moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Sababu yake inaelezeka. Kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani. Ua dogo jeupe likizungukwa na majani mengi ya kijani kilichokoza, kamera huongeza mwanga ili majani yaonekane, na ua likaungua. Mwenye picha alikwisha kusifiwa na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia aguse ua kwenye kioo cha simu kisha apunguze mwanga mpaka mikunjo ya petali irudi, au angoje jioni, wakati ambapo jua limepoa na asumini ndiyo kwanza inafunguka.

Picha nyingine ilikuwa ya kikuba, yaani kishada cha maua na majani yanayonukia ambacho wanawake hujipambia. Kijana aliisogeza simu karibu mno, kuliko lenzi inavyoweza kuona, na kilichotoka kikali ni jani la rehani lililokuwa nyuma, huku asumini na mlangilangi wa mbele ukiwa ukungu mtupu. Angeambiwa tu arudi nyuma kidogo kisha aikate picha baadaye, angeipata.

Na mrejesho usiachiwe wapiga picha peke yao. Nimeona picha ya karafuu iliyopewa jina la mavuno, nzuri kwa mwanga na kwa mpangilio, ilhali vikonyo vyake vimejaa maua yaliyokwisha kufunguka na nyuzi zake zimetoka nje. Mkulima yeyote wa Pemba angemwambia mwenye picha kwamba karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, na ikishachanua imeshapoteza thamani yake. Bibi anayesuka vikuba na mzee mwenye mikarafuu wanayajua maua kwa undani kuliko sisi wenye kamera, na wakiulizwa watasema mambo ambayo fundi wa picha hayaoni.

Anayeomba maoni naye ana wajibu wake. Asipeleke picha ishirini kwa mkupuo na kuuliza tu kama ni nzuri. Apeleke moja, aseme aliipiga saa ngapi na alitaka mtazamaji aone nini. Anayetoa maoni aanze na kilichofaa, ataje mahali penyewe palipoharibika, kisha aseme la kufanya. Maneno ya kumvunja moyo mwanafunzi mbele za watu hayana nafasi hapa, hata kama msemaji ni bingwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kona ndogo mara moja kwa mwezi, ichapishe picha moja ya ua iliyopigwa na mtu anayejifunza, pamoja na swali lake mwenyewe, na chini yake maoni ya mpiga picha mzoefu na ya mtu anayelijua ua hilo. Ikiwezekana ichapishwe kwenye ukurasa wa rangi, kwa kuwa kasoro nyingi za maua hazionekani katika nyeusi na nyeupe. Mimi niko tayari kuandika maoni ya picha za mwanzo bila malipo, na wapo wenzangu wa Chake Chake na Mjini ambao naamini hawatakataa wakiombwa.

Wabillahi tawfiq.

Mpiga picha mstaafu,
Wete, Pemba